Jina Nililosoma Barazani Murara

Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vya kuazima, nikapewa kitambaa cha kufutia wino. Nilidhani uandishi wa habari ni kalamu. Kumbe ni mikono myeusi mpaka kwenye viwiko! Gazeti letu dogo la Kiswahili lilitoka kila juma pale Goma, miaka ile ya Wabeleji, nami nilikuwa mwandishi, mpangaji wa herufi na msomaji.

Ninyi vijana mnabonyeza simu, habari imeshafika. Sisi tulipanga herufi za madini ya risasi moja moja, zikitazama kinyume, kisha tukapiga karatasi ya kwanza ya kukaguliwa, ile tuliyoita epreve. Epreve ilipelekwa kwa Bwana Administrateur, mkubwa wa teritware, yaani wilaya, nzima. Alichokata kwa penseli tulikitoa, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuziba, gazeti lilitoka na pengo jeupe. Tulizoea.

Kila siku ya soko nilisimama kwenye baraza la duka moja mtaani Murara, nikalisoma gazeti lote kwa sauti, maana wengi hawakujua kusoma. Walikuja madereva, wachuuzi wa maharage kutoka Rutshuru, hata mualimu wa msikiti. Jambo likisomwa pale, limetendeka; lisiposomwa, watu walisema huo ni uvumi tu.

Basi akaja ofisini Mama Zaina. Mumewe Ramazani, mtu wa asili ya Maniema, alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo upande wa Kanyaruchinya. Hakurudi nyumbani, na msimamizi wa machimbo akatangaza kwamba ametoroka kazi.

“Bwana yangu hakutoroka, papa,” aliniambia. “Jiwe lilimufunika. Wenzake baliona, lakini banaogopa kufukuzwa.”

“Sasa unataka nini, mama?”

“Nataka mutu aseme amekufa. Mualimu anakataa nikae eda bila mashahidi wawili. Mi niko nini sasa, bibi ya mutoro? Hata kulia nakatazwa!”

Eda, kwa msioijua, ni ile miezi mjane Mwislamu anayokaa ndani baada ya kufiwa na mumewe. Bila eda, yule mama hakuwa mjane wala mke.

Nilikwenda machimboni. Wote walikuwa mabubu, isipokuwa mmoja aliyenieleza kila kitu akiwa amenipa mgongo, huku anapiga nyundo. Jina lake hakutaja. Nikaandika.

Bwana Redakta, mhariri wetu, Mbeleji mwenye kiko, alisoma akanitazama. “Umeona maiti?”

“Hapana, Bwana. Nimeona rundo la mawe ambalo watu wamekatazwa kulichimba.”

Hakuwa mtu mbaya. Aliipeleka epreve vilevile. Ikarudi habari yote imekatwa. “Toa,” akasema. “Na usinifanyie ujanja, utapoteza kazi.” Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nikatoa.

Siku ya soko nikasoma habari za kahawa, nikasoma za meli, nikasoma za mpira. Nikafika kwenye pengo. Watu walingoja nifunue ukurasa. Mama Zaina alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani, ananitazama. Nikainua gazeti, nikasema kwa sauti ileile ya mpira na kahawa: “Ramazani, mvunja mawe, amekufa machimboni. Jiwe lilimfunika. Hakutoroka.”

Mualimu akageukia umati. “Kuko mutu mwenye aliona?”

Niliogopa, sitawadanganya. Kisha yule mtu wa nyundo akatoka katikati ya madereva. “Mi niliona.” Na mwingine wa machimboni, mtu mfupi, akapaza sauti: “Na mi pia. Tulikuwa naye.”

Jumatatu Bwana Redakta aliniuliza, “Ulisoma nini ambacho hakikuandikwa?”

“Habari, Bwana.”

Nikafukuzwa. Nikawa karani wa ghala Rutshuru, na baada ya uhuru nikarudi kwenye habari, redioni, mpaka nilipostaafu. Wakubwa wangu wa baadaye walikuwa weusi kama mimi, na kukata walijua vilevile. Simlaumu mtu. Kazi ndivyo ilivyokuwa, na mwenye kuiogopa aende akauze chumvi.

Juzi kijana mmoja mwandishi aliniuliza, “Muzee, habari yako gani ilisomwa sana?” Nikamwambia sijui; zilizochapwa nimezisahau. Hii haikuchapwa kamwe, lakini naikumbuka mpaka leo. Siku ile barazani, mashahidi wawili walipopatikana, mualimu alisema, “Basi, mama, imetosha. Nenda ukae eda.” Mama Zaina akaketi palepale kwenye vumbi jeusi la Murara, akaita jina la mumewe, akalia. Soko zima likamwacha alie.