Baba Anawasha Gari

Kwetu Mkuyuni tulikuwa na utani wetu wa nyumbani: "Baba anawasha gari." Kila alfajiri baba aliwasha pikapu yake kuukuu ya dizeli apeleke ndizi Morogoro mjini, na kule kukohoa kwake ndiko kulikotuamsha. Moshi mweusi ulijaa uani hadi mama akakimbilia kuanua nguo. Baba mwenyewe alisimama katikati ya moshi ule, akisubiri injini ipate moto.

Mwaka juzi, serikali ilipoanza kuyabana magari yanayotoa moshi mwingi, nilimsindikiza kwenye ukaguzi. Mkaguzi alikuwa binti mdogo tu. "Shikamoo, mzee," alisema. Baba akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha binti akaandika: chakavu, lisirudi barabarani. Nilimfokea mpaka baba akanishika mkono. "Muache, anafanya kazi yake."

Gari halikurudi Mkuyuni. Baba aliliuza kulekule mjini kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kesho yake alfajiri nilisikia gari likiwashwa. Nilikurupuka nikatoka mbio, nikidhani wamelirudisha. Uani palikuwa patupu. Baba alikuwa peke yake, ameinama, amejishika kifua, anakohoa. Miaka yote ile tulikuwa tunacheka, kumbe nusu ya mlio ule ulikuwa wa kifua chake.

Tumemzika masika haya. Yule binti nilimlaani kwa kutunyang'anya gari. Leo namlaumu kwa kuchelewa.