Sifuri kwa Jumwa

Mwalimu Kadzo ni mwepesi wa hasira, na wanafunzi wake katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya Ukunda wanajua kinachomwasha: mtu kukubali jambo kabla hajalipima. Miaka kumi na mmoja amefundisha Kiswahili hapo, na kila kipindi huwabana watoe ushahidi. Asiye nao husimama mpaka aupate.

Muhula uliopita ulikuja mtihani wa pamoja wa shule za jirani. Swali la insha lilisema: eleza sababu nne zinazowafanya wazazi wa Pwani wasithamini elimu. Kidato cha tatu kizima kiliandika sababu nne bila kusita, isipokuwa Jumwa, binti mpole wa kijiji cha Bongwe. Yeye alizitaja nyumba tisa za majirani zake, moja moja, na watoto wanaosoma katika kila nyumba, kisha akauliza mtungaji aliwapima wazazi gani. Harrison, mwalimu aliyesimamia usahihishaji, akampa sifuri kwa ishirini.

Sifuri hiyo ilimshusha Jumwa chini ya wastani, na pale shuleni aliye chini ya wastani hurudia kidato cha tatu.

Kadzo alimwendea Harrison damu ikimchemka. Alimwambia kwamba lile ni tusi, si swali, na kwamba mtoto pekee aliyefikiri ndiye anayeadhibiwa. Harrison hakupandisha sauti.

"Madam, mwongozo wa kusahihisha unataka sababu nne. Huyu hana hata moja."

Kadzo akataka aitwe huyo aliyelitunga, amtie adabu mbele ya watu. Harrison akafungua faili, akamsogezea karatasi. Mtungaji alikuwa mwalimu wa shule nyingine. Lakini kila swali hupitiwa na mwalimu wa pili, naye akitia sahihi ndipo lichapishwe, na sahihi chini ya swali lile ilikuwa ya Kadzo. Akakumbuka ile Ijumaa mchana, karatasi zimerundikana, kila mtu ana haraka ya kwenda nyumbani. Alitia sahihi bila hata kusoma. Swali likishatiwa sahihi mwongozo wake haubadilishwi, Harrison akasema, na hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni.

Hasira zote zikamgeukia yeye mwenyewe. Hakuwahi kumkasirikia mwanafunzi yeyote kiasi kile.

Saa kumi Jumwa alikuja ofisini, akamwamkia kwa adabu. Kadzo alimweleza yote, hata ile sahihi, wala hakujitetea. Alitaraji msichana alie, au amrushie maneno, angeona afadhali.

Jumwa alivuta kiti, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Basi naomba unifundishe hizo sababu nne, mwalimu, nisije nikaanguka tena."

Akaandika nambari moja pembeni, akainua kalamu, akangoja.