Mgeni Niliyemficha kwa Bibi Kawada

Naikumbuka Jumapili moja ya mvua nyembamba, nilipomfungulia Hamza mlango wa chumba changu nikamwambia, "Pita, kaka, hapa ni kwenu." Mwanangu, maneno hayo ningeweza kuyarudisha kinywani, ningeyarudisha leo. Hamza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa Tanga kama mimi, mcheshi, na siku ile alikuwa amelowa chapachapa, begi lake likichuruzika maji kwenye ngazi. Lakini chumba kile hakikuwa changu cha kukigawa nipendavyo, na mwenye nyumba alikuwa chini tu, jikoni kwake, nami sikushuka kumwambia.

Nakuandikia haya kwa sababu ya Furaha, binti wa Kikongo anayetengeneza simu katika duka lililo chini ya fleti yangu hapa Greyville, Durban. Amepata nafasi ya kwenda kusoma Japani na anaondoka mwezi ujao. Alisikia kwamba niliishi huko ujanani, basi kila nikipita dukani ananisimamisha. "Papa Rajabu, kule iko baridi sana?" "Papa, ni kweli ndani ya treni watu hawaongei?" Juzi aliacha bisibisi mezani, akaniuliza lililokuwa likimsumbua kweli: "Na kama mtu wa kwetu anakuja na valizi yake, hana pa kulala, eish, nitamufukuza namna gani?"

Wateja walikuwa wengi, na jibu langu ni refu. Nalijibu hapa, kwa Furaha na kwa wewe utakayemfuata.

Nilifika Japani nikiwa na miaka ishirini na sita, kusomea ufundi wa magari. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu, Zaituni, alibaki Tanga na mimba ya miezi minne, na ahadi yetu ilikuwa kwamba akijifungua atanifuata. Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mjane aitwaye Bibi Kawada, mama mfupi mwenye miaka sabini hivi, aliyetembea upesi kuliko mimi. Kupata chumba pale kwa mgeni si kazi ndogo. Huulizwa mdhamini, na mgeni atamtoa wapi? Bibi Kawada alinitazama, akauliza kama navuta sigara, nikasema hapana, akakubali. Baadaye nilipotaka kumleta mke wangu na karatasi zikahitaji mdhamini, alijiandika yeye mwenyewe. Aligonga mhuri wake kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayempakata mtoto.

Alinifundisha kuishi. Viatu huachwa mlangoni, ncha zikielekea nje. Ndara za chooni haziingii sebuleni. Nilizivaa mara moja hadi mezani kwake, akacheka mpaka akafuta machozi. Bafuni unajiosha kwanza kando, ndipo unaingia kwenye maji ya moto, kwa sababu maji yale yale atayaingia mwingine. Takataka ndizo zilinitoa jasho. Za kuungua zina siku yake, chupa na makopo siku nyingine, na mifuko ni ya kuonyesha, jirani anaona ulichokula. Siku ya kwanza alinipitisha nyumba saba za jirani, kila moja tukaacha taulo dogo lililofungwa kwenye karatasi, nami nikainama na kutaja jina langu. Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo, fumba jicho. Nililifumba, na kwa mwaka mzima mambo yalikwenda vizuri. Mtoto wetu, Salimu, alizaliwa Tanga. Karatasi za Zaituni zilikubaliwa. Ilibaki hatua ya mwisho.

Ndipo akaja Hamza. Viza yake ilikuwa imekwisha zamani, na alikuwa akilala katika chumba cha wafanyakazi wa uwanja wa magari mabovu, ambao sasa ulikuwa umefungwa. "Siku mbili tu, Rajabu. Nikipata pa kujishikiza, nahama."

Wewe na mimi tumelelewa na neno moja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumwacha mtu wa kwenu nje ni aibu ambayo hata mama yako angeisikia kaburini. Nilijua kwamba mkataba wa chumba unataja mtu mmoja. Nilijua pia kwamba nikimwambia Bibi Kawada, ataniuliza habari za viza. Basi nikajiambia, ya siku mbili hayana haja ya kuulizwa.

Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa miezi miwili na nusu. Nilimtania kwamba siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Akajibu, "Majembe ya huku ni ya umeme, kaka, utaniua." Alinicheka nilivyoosha makopo kabla ya kuyatupa. "Tazama, kijana wa Ngamiani amekuwa Mjapani. Unakunja takataka kama kanzu ya Idi." Tulicheka kwa sauti ya chini. Tulijifunza kukanyaga ngazi kwa pamoja ili isikike miguu ya mtu mmoja. Hilo peke yake, mwanangu, lilitosha kunionya. Ukarimu haunyatii ngazini.

Bibi Kawada alijua. Leo naona wazi kwamba alijua, na kwamba alinifungulia mlango mara tatu nitoke kwa heshima, nami sikuuona. Kule mtu mzima hakwambii, "Umefanya kosa." Anakusogezea neno pembeni ulichukue mwenyewe. Mara ya kwanza alisema, "Rajabu-san, siku hizi unakula vizuri." Nikashukuru. Mara ya pili Hamza alikuwa ametoa mfuko wa mifupa ya samaki siku ya makopo, jirani akaurudisha mlangoni, na Bibi Kawada akaniletea ratiba mpya ya takataka. Nakala mbili. Nikasema, moja inatosha. Mara ya tatu aliniletea sahani ya samaki wa kuchoma, vipande viwili, na vijiti jozi mbili. Nikachukua jozi moja, ya pili nikamrudishia. Aliitazama mkononi mwangu kwa kitambo, akaipokea.

Kisha askari wa mtaa alikuja. Huko askari ana kibanda chake, na mara moja moja hupita nyumba kwa nyumba na kadi, akiandikisha nani anaishi wapi. Bibi Kawada aliniita sebuleni. Askari ameketi, kadi iko mezani, na mstari wa chumba cha juu uko wazi.

"Rajabu-san," aliniuliza mbele yake, "unaishi peke yako?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikasema, "Ndiyo."

"Nimeelewa," akasema. Akaandika mtu mmoja kwa mkono wake.

Siku tisa baadaye Hamza aliazima baiskeli yangu kwenda dukani. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba baiskeli kule huandikishwa kwa jina na anwani, na askari wanaweza kumsimamisha mtu wakaangalia namba. Walimsimamisha. Namba ikasema Rajabu, anwani ikasema kwa Bibi Kawada, na Hamza hakuwa na kadi yoyote. Jioni hiyo askari yule yule wa kadi alikuwa mlangoni, amevua kofia, ameona haya kuliko sisi.

Sikufungwa. Nilihojiwa siku mbili, nikasema kweli yote, nikarudi nyumbani nikitarajia kelele na nguo zangu barabarani. Bibi Kawada alikuwa amekaa ananingoja, amevaa nguo zake za kutokea. Alinikaribisha chai. Nikaanza kueleza kwamba Hamza ni ndugu, kwamba kwetu hatuwezi. Aliniacha nimalize.

"Ungeniuliza," akasema, "ningempikia. Kisha tungekwenda wote watatu ofisini, tukawaulize cha kufanya."

Akanisogezea kikombe.

"Unajua ile kadi ni ya nini?"

Nikasema ni ya polisi, ya kuwabana wageni.

"Ni ya tetemeko," akasema. "Nyumba ikianguka, waokoaji hunijia mimi na kuniuliza, juu walikuwa wangapi? Ningewaambia mmoja. Wangekutoa wewe na kwenda nyumba ya pili. Rafiki yako angebaki chini ya mbao, anagonga, na mimi ndiye niliyewaondoa." Kisha akasema, "Miezi miwili nililala chini ya mtu ambaye singeweza kusema kuwa yupo."

Mwanangu, nimegombezwa na watu wengi. Hakuna aliyenipiga pale alipopiga mama yule bila kuinua sauti.

Akasimama, akachukua vifurushi saba vya peremende alivyonunua, akaniambia nimfuate. Tulipita nyumba zile zile saba. Katika kila mlango yeye ndiye aliyeinama, kwa kina, mgongo wake wa miaka sabini umelala kama meza, akiomba radhi kwamba hakuijua nyumba yake mwenyewe. Nilijaribu kusema kosa ni langu. Hakunikatiza, wala hakuacha kuinama. Mlango wa sita alishika ukuta ili ainuke. Nilitaka kumsaidia, nikaogopa kumgusa.

Wiki iliyofuata aliniambia kwamba amekwenda ofisi ya uhamiaji kuondoa udhamini wake kwa Zaituni. Hakuniambia kwa hasira. "Nikisema ninakujua, sasa ni uongo," akasema. Hamza walimrudisha Tanga, na mpaka leo simlaumu. Aliomba hifadhi, na mimi ndiye niliyejua mkataba. Muda wangu wa kukaa ulipokwisha haukuongezwa. Niliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu, na nikasikia kwamba magari ya Kijapani yanashushwa hapa Durban kwa maelfu na mafundi wanaoyajua wanatakiwa. Nikaja kwa mwaka mmoja, gereji moja ya Pinetown. Nilizeekea hapo hapo.

Sasa sikia, Furaha, na wewe mwenzake. Kadi ya ukaazi watakayokupa ukifika, tembea nayo hata kama unakwenda kununua mkate. Ukipata pa kukaa, una siku kumi na nne za kwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani. Nenda siku ya pili, na hapo hapo uulize habari za bima ya afya. Mwanafunzi hafanyi kazi bila kibali, na saa za kazi zina kikomo, hata tajiri akikwambia funga macho. Ukinunua baiskeli, iandikishe, wala usimwazime mtu. Kwenye treni simu yako inyamaze. Ukila mgahawani usiache bakshishi, watakukimbilia barabarani wakurudishie. Kama unachunga chakula chako kwa ajili ya dini, jifunze kusoma maandishi ya nguruwe na pombe kabla hujajifunza kusoma mabango ya barabarani, kwa maana hujificha hata ndani ya supu ya mboga. Sheria hubadilika, na mimi ni mzee wa zamani. Lolote nililokwambia, kaliulize tena ofisini.

Wasalimie majirani siku ya kwanza. Mtu akikwambia jambo kwa upole mara mbili, jiulize anakuomba nini. Akikwambia mara ya tatu, usingoje ya nne.

Na swali lako, binti yangu. Mtu wa kwenu akija na valizi yake, usimfukuze. Mpe taulo ajifute, mpe chai. Kisha, kabla chai haijapoa, shuka naye ngazi mkamgongee mwenye nyumba. Kama kuna mlango ambao hawezi kwenda nawe kuugonga, basi kwako si mahali pa kumsaidia. Msindikize ubalozini, kanisani, msikitini, kwa wakili. Atakuita mchoyo. Atakwambia umekuwa Mjapani. Acha aseme. Kuna "hapana" ambayo ni sadaka, na kuna "karibu" ambayo ni wizi, kwa sababu inatolewa na jina la mtu mwingine.

Mungu akutangulie, Furaha. Akupe mwenye nyumba kama wangu na akupe ulimi bora kuliko wangu. Majirani wakujue kwa jina, na siku ardhi ikitikisika, awepo pale mtu wa kusema, yumo, mtafuteni.

Mimi, kwa kusema ndiyo mahali pa hapana, niliirudisha imani ya mama yule, kama ile jozi ya vijiti, bila hata kuitumia. Zaituni aliningoja miaka minne, kisha akaomba talaka, nami nikaitia sahihi hapa Durban, kwa haki yake. Aliolewa na mtu mwema. Salimu ni mtu mzima sasa, ana watoto wawili. Siku za Idi hunipigia simu, huniita Mzee Rajabu, na baba humwita yule aliyemlea.