Mitalawanda ya Sikuzani na Mikono ya Mzee Asmani

Jua bado liko nyuma ya milima ya Rumonge. Mzee Asmani bin Feruzi ameketi uani kwake, mbele yake tezo mbili za kuchongea mti. Anaikamata ya kwanza, anaibana, anaiachia. Anaikamata ya pili, anatikisa kichwa. Vidole vyake havikunjiki sawasawa, na saa hii ya baridi ndiyo mbaya kuliko zote. Ameichagua kwa makusudi.

“Ukichagua chombo muchana, mukono inakudanganya,” anasema. “Chagua asubuhi, wakati mukono iko mubaya. Kile utakachoweza saa hii, utakiweza siku muzima.”

Asmani si seremala. Alikuwa mpiga kafi wa mitumbwi ya biashara, Rumonge hadi Ujiji, kabla Wadachi hawajajenga boma lao Usumbura. Sasa nyumba inakula kwa mafuta ya mawese anayokamua mkewe, Mwanvua binti Bakari. Kuchonga ni starehe yake tu: miiko, vitana, mbao za kuchezea bao. Hauzi hata kimoja. Jirani akitaka mwiko, na aombe vizuri.

Mara hii, hata hivyo, si mchezo. Mjukuu wake, Sikuzani, anaolewa Minago mwezi ujao. Katika ukoo huu, bibi harusi huenda kwa mume na mitalawanda, viatu vya mti vya kuvaa akienda kuoga, iliyochongwa na babu yake mwenyewe. Ya kununua kwa fundi haikubaliki. Wa kushoto ulikwisha tangu masika. Alipoanza wa kulia, tezo ilimponyoka, ikamkosa goti kidogo tu.

“Nililia,” anasema bila haya. “Si kwa sababu ya goti. Nilisema, basi, mutoto wetu atakwenda kwa watu miguu mitupu.”

Kilichofuata kinamchekesha Mwanvua hadi leo. Mzee aliilaumu tezo. Akachukua kapu la ndagala kavu, dagaa wa ziwani, akaenda dukani kwa Kassimu, akarudi na tezo mpya ya chuma cha Ulaya, nzito, inang’aa. Kufika nyumbani akafanya alilolifanya maisha yake yote: akaupaka mpini mawese. Rumonge mawese hupakwa kila kitu, kuanzia bawaba za mlango hadi kichwa cha mtoto, na mpini hupakwa ili mti usipasuke. Tezo mpya ikamponyoka siku hiyo hiyo.

“Nikamuuliza, bwana, unakamata tezo ao kambare?” Mwanvua anasimulia, machozi ya kicheko yakimtoka.

Mwandishi wa habari hii naye alicheka, kisha akataka kujua: mbona mafuta hayakuteleza zamani? Asmani anafungua kiganja, anakitazama.

“Yaliteleza, mwanangu. Nguvu ndiyo ilificha.”

Tangu hapo alianza kuchunguza vyombo vyake vyote upya. Aliisugua mipini kwa majivu, akaizungushia uzi wa wavu mkuukuu hadi ikanenepa kama muhogo, maana kidole kisichokunjika hukamata kinene kuliko chembamba. Mti anaubana kwa nyayo. Mahali palipotaka tezo kali, sasa anapitisha tupa polepole, kisha majani ya msasa ya kulainishia.

Asubuhi hii ameamua juu ya tezo pia. Ya Ulaya anaisogeza kando. “Iko nzuri,” anasema, “kwa mutu mwingine. Mwanvua, pasulia kuni.” Anaishika ile ya zamani, nyepesi, na kisigino cha mtalawanda kinaanza kutokea.

Linabaki tundu la msuruaki, kile kigingi cha kubanwa na vidole vya mguu. Hapa mwandishi alikuwa na shaka. Keekee ya kutobolea mti huzungushwa kwa upinde kwa mkono mmoja na kukandamizwa kwa mwingine, na Asmani hana mkono wenye nguvu ya kukandamiza. Mwanvua ananyoosha wake. Mzee anakataa. Anajifunga kipande cha mti kifuani kwa kitambaa, anakiegemeza juu ya keekee, anakilalia. Upinde unakwenda na kurudi. Unga mweupe unatoka. Tundu limepita.

Sikuzani anaitwa kutoka jikoni. Anavaa, anatembea hadi kwenye jiwe la kuogea, anarudi. Wa kushoto ni laini. Wa kulia una alama za tupa kila mahali, na babu yake anaziona. Uso wa mzee umesawijika.

“Huu wa kuume unakuna kidogo, babu,” Sikuzani anasema. “Niachie hivyo hivyo. Nitaujua hata kwenye giza.”

Asmani anageukia ziwa, anapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Akiulizwa anatumaini nini baada ya hapa, hataji mwiko wala bao.

“Harusi ikipita, nitakwenda Minago. Nitakaa karibu na uwanja wao, nisikie mitalawanda ikilia kwenye mawe.”

“Utakaa karibu na bafu ya wakwe?” Mwanvua anashtuka. “Haya iko wapi, bwana?”

“Haya nitaacha hapa,” anajibu mzee. “Nitakwenda na masikio tu.”