Rundo la Mchanga Kule Chunya

Mama alitaka kuuza nyumba yetu ya Manzese anunue rundo la mchanga. Mdogo wangu Shaibu, aliyekwenda Chunya miaka mitatu iliyopita, kampigia simu kwamba mchanga ule una dhahabu, na Mama kaamini. Mie nauza mchele Tandale. Magunia yenye uso mzuri nayajua. Nikasema, kabla hajatia dole gumba, naenda kuona mwenyewe. Mkobani nikatia bambo langu, kile chuma cha kuchoma gunia kutoa mchele wa katikati.

Alfajiri nilipanda basi Mbezi, nikalala Mbeya, kesho yake nikapandisha milima. Baridi ile, jamani! Jirani yangu wa kiti aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kwa shangazi. Sina shangazi huko.

Saa sita mchana, Chunya. Shaibu alinipokea, kakonda, akanipeleka alikopanga, kwa Mama Tumaini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba mmeshauza?"

Kajuaje? Hata chai yake niliinusa kwanza.

Akanisimulia mji wao. Enzi za wakoloni baba yake alisukuma vigari vya mawe mgodini. Wazungu walijenga, wakala raha, dhahabu ilipopungua wakafunga virago. Zikabaki kuta zenye nyufa, mashimo, na marundo ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Siku hizi watu wanalima tumbaku, wanafungua maduka, na wengine bado wanauosha mchanga uleule kutafuta makombo.

Jioni tukaenda rundoni, sisi wawili na Mama Tumaini. Shaibu akachota mchanga wa juu, akauosha kwenye karai, sigara mdomoni, majivu yakimdondokea ndani. Chini zikang'aa chembe.

"Umeona, dada?"

Niliona, na majivu niliyaona. Nikazamisha bambo mpaka kiwiko, nikampa Mama Tumaini mchanga auoshe yeye. Hamna. Mara ya pili, ya tatu, hamna kitu.

"Sigara yake kaichanganya na vumbi la dhahabu, linadondoka na majivu," Mama Tumaini akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza kama mmeshauza. Nimemkanya huyu mpaka nimechoka."

Nikamgeukia Shaibu. "Umlaze mama yako nje, wewe?"

"Nilitaka hela nichimbe shimo langu, dada. Nitarudije Manzese mikono mitupu?"

Nilimtukana tusi ambalo siliandiki hapa. Asubuhi nikaondoka bila kumuaga.

Nilipofika Manzese, Mama alikuwa sebuleni na karatasi za nyumba mapajani. Nikamweleza yote, najisifu kabisa. Akazikunja polepole.

"Haya, nyumba tunayo. Na mwanangu?"

"Yuko huko."

"Ulimwambia arudi?"

Nilikwenda kukagua mchanga, na mchanga niliukagua vizuri sana. Ndugu yangu sikumuuliza hata anakula nini. Hilo ndilo nililojifunza Chunya, na nimejifunza nikiwa nimesharudi.

Mama akanipa simu yake, namba ya Shaibu ikiita.

"Mwambie."