Nilitia Dawa kwa Siri, Nikaapa Sikutia

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu liacheni, maana wakilijua hapa mtaani Kuze hata wa kuniuzia mbaazi sitampata.

Mimi na wifi yangu Salma, dada ya mume wangu, tulikuwa tukifuga kuku wa nyama juu ya paa la nyumba yake. Salma ndiye aliyependa kujifunza. Mimi? Mimi nilikuwa nishajua yote! Kuku akisinzia, dawa. Akipiga chafya, dawa. Asipoumwa, dawa vilevile, asije akapata wazo la kuumwa.

Siku moja Salma akarudi kutoka mafunzo ya bwana mifugo na pakiti ya unga. Akanieleza kwamba ndani mna vijidudu hai, vizuri, vya kuchanganya na chakula. Hukaa tumboni mwa kuku, vile vibaya vikakosa nafasi. Tukiutumia, hatutakuwa na haja ya kuwanywesha kuku antibiotiki kila siku, dawa ambazo watu huja kuzila kwenye nyama bila kujua.

"Lakini usichanganye na dawa, wifi," akasema. "Dawa haichagui. Itaviua na hivi vizuri."

"Haya, nimesikia," nikamjibu, na moyoni nacheka. Tununue vijidudu tuwalishe kuku! Kesho tutaambiwa tununue na mbu tulale nao.

Basi kila asubuhi Salma akichanganya unga wake kwa bismillahi. Akishuka tu, mimi natia dawa yangu kwenye maji. Namsaidia, nilijiambia. Kwa huruma ile ningepewa nishani!

Kuku wakanawiri. Hakuna aliyehara, hakuna aliyekufa. Salma akawa hana habari nyingine ila unga, nami nikipokea sifa pamoja naye, tena kwa uso wa unyenyekevu.

Ndipo akaja rafiki yake, Mama Kadzo, mjane wa mtaa wa Ganjoni, ambaye kuku wa uani kwake ndio waliomlishia watoto. Tukamwandalia chai na mahamri.

"Kweli hamkuwatia dawa?" akauliza.

"Hata tone," Salma akasema. "Muulize wifi yangu, ndiye huwapa maji."

Mama Kadzo akanigeukia. Hapo, ndugu zangu, ndipo palipokuwa pa kusema kweli, na hakuna aliyenishika koo. Nikasema, "Wallahi, hata tone!" Nikamwongeza na hamri jingine.

Mama Kadzo akaanza unga, dawa akaacha. Baada ya wiki chache akapiga simu dukani kwa jirani, Salma akaitwa. Kuku wanahara damu, afanyeje? Mimi nilikuwa hapo hapo dukani.

"Subiri kidogo, shoga yangu, usirudie dawa," Salma akamwambia. "Wetu hawakuguswa na chochote."

Wetu! Ningemnyang'anya simu ile. Nilichofanya ni kununua chumvi nikaenda zangu.

Kuku wa Mama Kadzo wakafa karibu wote. Akaja Kuze, hodi hakupiga. Akasimama uchochoroni.

"Salma! Toka useme mbele ya majirani, kuku wako uliwapa nini?"

"Wallahi sikukudanganya."

"Basi mbona wako wazima?"

Salma akanitazama. Hakunishuku, masikini. Alitaka shahidi tu. Shahidi akainama kutazama ndara zake!

Siku ile ile Salma akawashusha kuku wetu wote, akampelekea Mama Kadzo. Walipokewa kuku, hakupokewa yeye. Na mtaani akawa ndiye mwongo. Wanawake waliokuwa wakija kumuuliza mambo ya ufugaji wakaacha kuja.

Ramadhani ilipokaribia, watu wakiombana radhi, nikaenda kwake nikamweleza yote. Nilitarajia kofi.

"Kwa hivyo kuku wetu nao pengine wangehara?" akauliza.

"Pengine."

"Ningewaona, ningekimbilia kwa bwana mifugo. Ningejua unga wafanya lipi na haufanyi lipi. Na mwenzangu ningemwambia aite daktari mapema. Mimi nilimwambia nililoliona, wifi. Kumbe nililoliona ulilipika wewe."

Akanipeleka Ganjoni nikarudie maneno yale mlangoni kwa Mama Kadzo. Wakakumbatiana, wakalia. Mimi sikukaribishwa ndani.

Sasa wawili hao wanafuga pamoja. Mume wangu huenda kumwamkia dada yake peke yake, na akirudi hanipi habari.

Wewe unayesoma, kama humwamini mwenzio, mwambie usoni. Mgombane, mnuniane, mtapatana. Lakini usimtengenezee jambo lake kwa siri, ukajiita msaidizi! Utamnyima hata nafasi ya kukosea mwenyewe, na atakayelipa ni mtu wa tatu, aliyewaamini nyote wawili.