Siku Walipomlilia Mama Aliye Hai

Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniomba nimsimulie maisha yangu huku ameshika kinasa sauti, na nikimwona tena nitavuka barabara. Nasema mapema ili usije ukadhani nitamsamehe huko mbele.

Alikuja kutoka Australia, mzee mwenye goti bovu, aliyewahi kucheza mpira wao ule wenye umbo la yai, unaopigwa teke na kudakwa kwa mikono, na ambao goli lake ni nguzo nne zilizosimama wima bila nyavu. Sisi tuliucheza Bertrams, mtaa wa Johannesburg, kwenye uwanja nusu nyasi nusu vumbi. Tulikuwa wasusi, mayaya na walinzi wa kike, wengi kutoka Kongo na Burundi, pamoja na wazawa wachache waliozivumilia kelele zetu. Mzee yule alikuwa anakusanya habari za maisha ya wachezaji waliotoka miji midogo. Alisema hata yeye alizaliwa katika mji wa wakulima wa ngano, wenye baa moja na uwanja mmoja wa mpira, kwa hiyo anatuelewa. Nilimpenda kwa maneno hayo. Nilidhani mtu wa mji mdogo anajua kwamba mji mdogo una watu ndani yake.

Tulikaa kwenye ngazi za saruji pale uwanjani, akaniuliza nilijifunza wapi kuruka. Hiyo ndiyo sifa yangu: mpira ukiwa juu, wanawake wanne wakaugombea, anayeshuka nao ni mimi. Nikamweleza. Nilifundishwa na mama yangu, katika mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, kwa mchezo wa nzango. Wasichana wanajipanga mistari miwili wakitazamana, wanaimba na kupiga makofi, kisha wawili wanaruka na kila mmoja anatupa mguu mbele. Pointi inakwenda kwa huyu miguu ikioana, kwa yule ikipishana. Mama alikuwa bingwa wa mtaa mzima. Alishazaa watoto watano na bado aliwatoa jasho mabinti wa shule. Aliniambia nisitazame mguu wa mwenzangu, nitazame kiuno, kwa sababu mguu unadanganya lakini kiuno hakijui uongo. Ndiyo maana Bertrams siangalii mpira peke yake. Naangalia viuno vya wanaotaka kuruka, naondoka kabla yao.

Mzee aliitikia kwa kichwa, kisha akazima kinasa sauti. Nilikiona kidole chake kikibonyeza. Alikiwasha tena alipofika kwenye swali la vita.

Nikamwambia vita vilikuwepo, ndiyo. Tulivuka ziwa nikiwa mdogo, tukarudi, na mama yuko pale pale na shamba lake la mihogo na maneno yake mengi. Johannesburg sikuletwa na vita. Nililetwa na mama mdogo, ndugu yake mama, mwenye saluni Rosettenville, aliyekuwa anatafuta mikono ya kusuka. Kiingereza changu si cha redioni, lakini hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwangu na mtindo asioutaka. Mzee alinielewa vizuri sana.

Kijitabu chake kilipotoka kiliingia kwenye simu za watu kabla ya kufika kwangu. Kilikuwa na picha yangu niko hewani, na chini yake maisha ya mwanamke nisiyemjua. Huyo hakuwahi kucheza mchezo wowote kwao. Mama yake aliuawa vitani. Alifika Johannesburg akiwa hana mtu, na mpira ukawa mama yake wa pili. Mama wa pili! Kipande cha ngozi kilichojazwa upepo.

Jumamosi moja mtu wa kanisani kwetu aliutafsiri ukurasa huo akausoma kwa sauti kwenye kundi la simu. Sasa, sisi Wakongo wa hapa, mtu akifiwa hatumpigii kumuuliza kama ni kweli. Ni kumwongezea maumivu. Unabeba sufuria, unakwenda, utaelezwa huko huko. Mimi nilikuwa natoka mazoezini. Nilishuka kwenye teksi, nikasimama kwenye robot ya kona yetu, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, nikisubiri ya kijani, na ng'ambo nikawaona akina mama wa kanisa wakielekea saluni na mikeka, mkaa na masufuria. Nikajiuliza nani amekufa.

Mama mdogo alikuwa na kichwa cha mteja mikononi wakati kilio kilipoingia mlangoni. Alipoambiwa dada yake amekufa, na amekufa zamani, na mimi nilijua nikanyamaza, alianguka na kitana chake. Nilimkuta chini. Mteja, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, alikuwa anampepea kwa gazeti. Viti vilishatolewa nje. Nilisimama katikati ya matanga ya mama yangu nikiwa na jezi na soksi za vumbi, na wale kina mama wakanitazama kwa chuki. Mtoto gani anaficha kifo cha mama yake ili aende kucheza mpira? Nikasema mama yuko hai. Mmoja akanikumbatia na kunibembeleza, akaniambia nilie tu, nisiogope. Kadiri nilivyokana ndivyo alivyonibana kifuani.

Nilimpigia mama kwa video. Mara ya kwanza mtandao ulikataa. Mara ya pili uso wake ukatokea, anachambua maharage. Mama mdogo akaishika simu kwa mikono miwili akalia upya. Mama akasikia nyimbo nyuma yetu, akauliza msiba ni wa nani.

"Ni wa weye, yaya," mama mdogo akamwambia dada yake.

Mama aliyaweka maharage pembeni. Aliuliza kwanza wamepika nini, maana ndivyo alivyo. Halafu akauliza nani alimuua. Nilipomweleza akasema anataka kumwona huyo mzee, uso kwa uso.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na sherehe ya kijitabu pale Bertrams. Picha zetu zilitundikwa kwenye uzio. Kocha alishaniambia, eish dada, iache, angalau umetoka kwenye kitabu. Mzee akaja kunikumbatia, nikarudi nyuma. Nikamwambia mama yangu yuko hai na wewe ulijua. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, kwamba msomaji wa mbali anahitaji mlango wa kuingilia, kwamba aliandika kwa niaba ya familia nyingi, kwamba kwa vyovyote vile kimeshachapishwa. Nikatoa simu, nikampigia mama kwa video.

Mama alikuwa amejifunga kilemba cha kanisani. Nikaiweka simu mbele ya uso wa mzee.

"Umuulize, mama yake iko?" mama akaniambia.

Nikamuuliza. Uso wake ukachangamka. Yuko, alisema, mzee sana sasa, bado anaishi kwenye mji ule ule wa ngano, bado anawaokea keki wachezaji wa kilabu. Alimsifu mama yake mpaka nikamkatiza ili nitafsiri.

"Basi umuambie," mama akasema, "leo ku kanisa nitasema mama yake alikufa. Tutamulilia muzuri. Habari itafika mpaka kwabo."

Nilitafsiri neno kwa neno, bila kulainisha hata moja. Masikio ya mzee yakawa mekundu. Akaisukuma simu kando na uso wake. Akasema hilo ni jambo baya, mama wa mtu hafanyiwi mchezo, na mama yake akisikia maneno kama hayo moyo wake hautastahimili.

Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima ya kumweleza mama ni nini. Sikuitoa. Alikuwa anajua tangu siku ile kwenye ngazi, kidole chake kikiwa juu ya kitufe.